Kisu cha Shemeji na Meno ya Direkta

Siku ya tatu tangu Direkta aache kula, shemeji yangu Rashidi alikuja kumjulia hali akiwa na kisu.

Direkta ni sungura. Ni mweupe, masikio ya kijivu, tumbo la mtu wa ofisini, na jina lake, yaani mkurugenzi, limetokana na tabia yake: anakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu tangu asubuhi, hafanyi kazi yoyote, na anategemea kusalimiwa. Binti yangu Sumaya aliniachia siku alipoolewa Uvira. Alisema hataki nibaki peke yangu. Nilimjibu kwamba sungura ni kitoweo, si mtu wa kukaa naye nyumbani. Msimamo huo niliushika wiki mbili nzima. Baadaye nikaanza kurudi mapema kutoka sokoni, na sitaki mtu aniulize kwa nini.

Rashidi ni mdogo wa marehemu. Ana mtumbwi wa injini, ana wake wawili, na anaamini kwamba kila mnyama hapa mjini Baraka yuko safarini kuelekea kwenye sufuria. Aliketi mkekani, akaweka kisu mbele ya magoti, akakifunika kwa kofia yake, maana si adabu mnyama kukiona kabla ya wakati.

"Iko nakufa, shemeji," alisema. "Na akikufa yeye mwenyewe njo kibudu. Hakuna mutu ataweza kumukula. Tumuchinje angali na pumuzi."

"Nani amekuambia iko nakufa?"

"Amekunya lini?"

Hapo alinibana. Tangu Jumatatu chini ya kile kiti hapakuwa na hata kidonge kimoja. Miezi yote nilikuwa nikifagia mavi yake huku namtukana, na sasa niliinama kila saa kuyatafuta.

Si kwamba nilikaa bure. Habari ilikuwa imeenea mtaani, na huku kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Jirani yangu Godelieve alileta mkate wa maziwa. Mwingine alileta sukari, mwingine Fanta. Kila mmoja alichovya kipande cha mkate kwenye chai akamsogezea Direkta mdomoni, naye alikipokea kwa midomo, akakigeuza kidogo, kikadondoka pamoja na mate. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mpaka manyoya yameshikana. Mimi mwenyewe nilimkaangia mandazi ya peke yake, yasiyo na chumvi. Ninauza mandazi huu mwaka wa ishirini, na Direkta hajawahi kulala nyumbani kwangu bila kuyala, yamelowekwa vizuri kwenye chai ya maziwa. Mgeni wa binti yako utampa majani? Majani tunawapa mbuzi.

Nilichoka. Nilimwambia Rashidi, "Ikifika Ijumaa, alasiri, kama hajakula na hajakunya, chinja."

Alisema, "Inshallah," akachukua kofia na kisu chake akaenda. Ndipo nikatambua nilichofanya. Katika ukoo wetu neno ukishalitoa mbele ya shemeji huwezi kulirudisha. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilimfunga Direkta mgongoni kwa kikwembe, kama mtoto mchanga, nikatoka kumtafuta Déogratias. Huyu ni mganga wa mifugo, anatibu ng'ombe huko juu milimani, Bibokoboko, na nilikuwa nimesikia ameshuka kuchukua dawa. Nilimkuta anafunga makarton kwenye pikipiki. Alisogea kumchungulia mtoto, akakutana na masikio.

"Mama, mi ni munganga wa ngombe."

"Na huyu iko na miguu mine. Angalia."

Aliangalia. Alimfunua midomo kwa vidole viwili, nami nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, ingawa ninakaa naye nyumba moja. Meno mawili ya chini yalikuwa yameyapita ya juu na kupinda kuelekea puani. Siku zote nilidhani anatabasamu.

"Unamupatiaka nini ya kula?" aliuliza Déogratias.

"Mandazi."

"Na nini tena?"

"Na chai."

"Majani?"

"Yeye haiko mbuzi."

Aliweka karton chini. "Mama, unisamehe. Meno ya sungura inarefukaka siku zote, sawa kucha. Majani njo inaisagaka. Mandazi ni laini, haisage kitu. Sasa meno imekuwa mirefu, kinywa imeshindwa kula. Na sungura akiacha kula, tumbo nayo inasimama. Hii mandazi yako njo iko namuua."

Miaka ishirini. Imamu na pasta wanapanga foleni moja kwa ajili ya mandazi yangu. Nilikasirika kwanza, nikafikiria ile pikipiki ingependeza ikiwa imelala ubavu. Kisha aibu ikanijia, na nikalia palepale barabarani, kwa sababu ilikuwa kweli: nilikuwa nimemlisha kwa mapenzi mpaka nikamfunga mdomo.

Déogratias alisema pinsi yake, koleo la kukatia, ni ya ng'ombe, itapasua jino hadi kwenye mzizi. Kilichohitajika ni kimashine kidogo kinachozunguka. Nami nilijua nani anacho.

Willy anatengeneza simu karibu na soko. Ana kimashine cha kusagia vyuma vya ndani, na mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kushikwa na jasho akikitumia.

"Mama Sumaya, mi natengenezaka telefone."

"Naye amezimika, mutoto wangu. Washa."

Tulimlaza Direkta mezani katikati ya simu mbili zilizopasuliwa, amefungwa kwenye kikwembe, kichwa tu nje. Déogratias alimshika, akapitisha mpini wa kijiko cha plastiki nyuma ya meno ili ulimi usiguswe. Willy alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilisoma Fatiha. Kimashine kikalia, ikatoka harufu ya pembe iliyoungua, na vipande viwili vikaangukia kwenye bakuli la skrubu. Mambo yalikwisha haraka kuliko kubadilisha betri. Willy alimpangusa Direkta mdomo kwa kile kiburashi chake cha vumbi la simu.

"Garanti ni wiki tatu," alisema, na Déogratias hakucheka, alisema ni kweli, baada ya wiki tatu turudi kuangalia. Kisha akanifundisha: majani mabichi yatwangwe na maji, yapitishwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo. Tumbo lipapaswe, mgonjwa atembezwe. Mkate na sukari, marufuku. Akapanda pikipiki yake.

Nyumbani nilimkuta Godelieve na mkate wa pili. Nilimwambia aule mwenyewe. Nikatwanga majani kwenye kinu cha sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nyumba nzima ikanuka zizi, nikamlisha hivyo mpaka Ijumaa. Alimeza. Chini ya kiti hapakuwa na kitu.

Ijumaa Rashidi aliingia akiwa na kanzu ya msikitini, nyeupe, imepigwa pasi. Mke wake mdogo alikuwa ameshamenya vitunguu, alinijulisha. Akakaa, akaweka kisu, akakifunika kwa kofia. Adhana ya alasiri ikaanza.

"Rashidi," nilisema, "sikiliza. Tangu kaka yako akufe, mi nikiingia humu, huyu njo anashukaka kwa kiti kuniamukia. Mutu mwingine hakuna. Nampenda."

Alikunja mikono ya kanzu yake. "Neno ni neno, shemeji."

Nilimpa Direkta. Rashidi ni mchinjaji mwema, hilo sitamnyima. Hachinji mnyama mwenye hofu. Alimpakata, akamnywesha maji kidogo, akamgeuza kuelekea kibla, akaanza kumpapasa tumbo taratibu, akimnong'oneza atulie. Alimpapasa vizuri kuliko mimi, na muda mrefu kuliko mimi, mpaka adhana ikaisha. Ndipo mkono wake uliposimama.

Kidonge kimoja, kidogo, kikavu, juu ya kanzu. Kikafuata kingine. Kisha Direkta akajikaza na kutoa yote aliyokuwa ameyaweka tangu Jumatatu, akashuka pajani, akauma ukingo wa mkeka, akaanza kuutafuna.

"Amekunya," nilisema. "Na anakula."

"Ku kanzu ya Ijumaa," alisema Rashidi.

"Vitunguu mutie ku maharagi."

Alichukua kofia na kisu akaondoka bila kuaga. Nilijua nimempoteza shemeji.

Kesho yake asubuhi alirudi, na kisu mkononi. Mkono wa pili ulikuwa na mzigo wa majani ya kando ya ziwa, bado yana umande. Alisema alikuwa anapita tu. Akakaa mkekani, akaanza kuyakata mafupi mafupi kwa kile kisu.

Direkta alishuka kwenye kiti. Alinipita mimi, akaenda kwake. Niliona wivu mpaka chai ikapoa.