Kazi Isiyo na Mgongo

Shanga nyekundu ziliisha saa nne asubuhi, medali ya ishirini na mbili ikiwa bado mkononi. Mbayo aliinamisha sahani, akaigonga kwa kidole. Kijani tele, njano tele, nyekundu hata moja. Na moto wa mwenge wa Chama hauwezi kuwa wa kijani, hilo hata mtoto mchanga wa kambi ya Kapata analijua.

Aliingia chumbani, akafungua kikwembe, akakata kwa wembe uzi wa shanga zake za kiunoni. Mama yake alimfunga shanga hizo kabla ya ndoa, na mwanamume mmoja tu duniani alikuwa amezigusa: Mukalay, mume wake, ambaye mwezi wa tatu aliporomokewa na ukuta wa shimo la shaba, yeye na mashine yake. Mbayo aliona haya, peke yake mchana kweupe, kana kwamba amevuliwa nguo mbele ya watu. Kisha akazimwaga sahanini, akarudi kukaa mlangoni.

Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mume akifa, mjane hupewa miezi sita, na yake ilikuwa inaishia Jumamosi ya wiki ijayo. Karatasi moja yenye sahihi ya Kabongo, mkuu wa kambi, ingemwacha humo mpaka binti yake amalize shule. Kanku, kiongozi wa wanawake wanaokichezea Chama ngoma, alimwahidi: utushonee medali thelathini za kuvaa shingoni, maana mkubwa anakuja kutoka Kinshasa, nami nitakusemea kwa Kabongo. Salongo, yaani kazi ya kujitolea, waliiita. Kazi ya bure ni kazi ya bure, hata ukiipa jina la kuimbia.

Basi alishona. Ingiza sindano katika ushanga mmoja, ruka mmoja, ingia unaofuata, vuta mpaka uzi ukaze, safu juu ya safu: uwanja wa kijani, duara ya njano, na ndani yake mkono mweusi wa kuume ulioshika mwenge. Mama yake, kule Lubudi, alimfundisha kwamba shanga za mvivu zina mgongo, yaani vifundo na nyuzi zilizoachwa zikining'inia upande wa nyuma. Zake hazikuwa nao. Geuza huku, geuza kule, zinapendeza vilevile. Hata kamba ya shingoni aliichomeka katikati ya ukingo isionekane ilikoanzia.

Jumatano ya wiki iliyofuata Kanku alikuja na gari kuzichukua.

"Aa, mama Mbayo! Hii mikono, Mungu alikupa. Ata mugongo haina!"

"Na ile karatasi, Citoyenne?" Mbayo alimwita Mwananchi kwa Kifaransa, kama Chama kilivyoagiza.

"Maliza kazi mbele. Karatasi itakuya."

"Kazi nilishamaliza, mama."

"Voilà. Sasa tungoje bakubwa bafike." Akapandisha kioo cha gari.

Kesho yake uwanja wa mpira ulijaa. Wanawake na wasichana wa ngoma ya Chama walivalia darasani mbiombio, maana gari la mkubwa lilikuwa limeshaonekana barabarani. Katika safu ya pili alikuwapo binti wa Mbayo. Nyumbani ni Henriette. Shuleni, tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku, ni Ngoy tu. Mbayo alimwona akicheza na ile medali kifuani, akafurahi. Ndiyo, alifurahi, tusimsingizie.

Kisha akaona. Msichana wa tatu safu ya mbele, mwenge wake ulishikwa na mkono wa kushoto. Na yule wa pembeni. Na Henriette mwenyewe! Walikuwa wamezivaa kinyume, na kazi isiyo na mgongo ukiigeuza, mkono wa kuume unakuwa wa kushoto. Mkono wa kushoto, yarabi, ule ambao humpi nao mtu hata chumvi. Jukwaani mkubwa alimwinamia Kabongo, akanyoosha kidole. Kabongo akaacha kupiga makofi.

Ijumaa walimwita ofisini. Kabongo na Kanku walikuwa wamekaa, yeye alisimama.

"Citoyenne Mbayo, nani alikutuma?"

"Citoyenne Kanku, tata," alijibu Mbayo, akimwita baba kwa heshima.

"Mi?" Kanku akaruka. "Mi nilimupa mufano wa mukono wa kuume!"

"Tata, ni kuvaa tu. Batoto balivaa mbio, bakageuza. Angalia." Mbayo alichukua medali mezani, akaigeuza. "Huku kuume. Huku kushoto. Ni kitu kimoja."

"Kumbe weye mwenyewe unakubali," akasema Kabongo polepole, "kama ulitia mukono wa kushoto ndani."

"Nilitaka ikuwe muzuri, tata."

"Muzuri! Mukubwa ananiuliza mbele ya batu, hapa kwenu munasalimiaka na mukono wa kushoto? Mi nijibu nini?"

Mbayo alipiga magoti. Hakujali tena. "Niko na mutoto, tata. Atasomea wapi?"

"Ukitaka abakie ku masomo, utafumua zote makumi tatu, utashona tena, uweke mugongo. Kesho kutwa tunazitaka."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya kampuni." Karatasi ilikuwa pale, imeshapigwa chapa, jina lake juu, imekosa sahihi tu. Kabongo aliikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Basi zile nyekundu munirudishie. Ni zangu. Ni za mwili wangu."

Kanku aliangalia dirishani, yeye alielewa.

"Iko alama ya Chama," alisema Kabongo. "Alama haina mwenyewe."

Jumamosi vyombo vya Mbayo vilikuwa nje, vimefunikwa turubai, na Henriette amekaa juu yake. Familia mpya ilikuwa inaingiza vyake. Mbayo, aliyeshona usiku kucha, aliendelea palepale mlangoni alipozoea, maana ndipo penye mwanga.

"Mama, samahani, sogea kidogo," alisema mke mpya, kwa adabu kabisa. "Tupitishe kitanda."

Alisogea. Wanaume wawili wakapita, mguu wa kitanda ukaipiga sahani, shanga zikamwagikia ndani, zikatawanyika sakafuni mpaka chumbani.

"Niingie niokote, mama."

"Ngoja mbele, mama, tumalize kupanga."

Mbayo akangoja kizingitini, sindano mkononi. Aliziona zile nyekundu pale alipokuwa amelala miaka kumi na sita na Mukalay, na wanaume wakizikanyaga wakienda na kurudi. Medali tisa zilikuwa bado.