Chumba Kisafi

Kosa lilikuwa langu. Kwenye barua niliandika: "Aabo, siku hizi nashinda katika chumba kisafi kuliko vyote duniani." Baba yangu, mzee Dualeh, alisomewa barua hiyo nyumbani kwetu Kiwanjani, akaelewa kwamba chuo cha Uskoti kimenigeuza mwosha vyumba vya watu. Nilipokuja likizo mwaka wa 1983 alichukua pasipoti yangu, akaifungia kwenye sanduku la spana la lori lake.

"Kama ni kufagia, hata hapa ufagio iko," alisema. "Hurudi huko."

Nilikasirika mpaka nikakosa hamu ya chakula. Nilimweleza kwamba tunavaa nguo nyeupe tangu kichwani hadi miguuni, yanabaki macho tu. Hewa yenyewe inachujwa, na poda ya uso ni marufuku. Humo tunachora mitambo midogo ya umeme isiyoonekana kwa macho.

"Haionekani," alirudia, akimkonyeza mama. "Sasa wewe unaionaje?"

Basi nikamburuta mpaka ofisi ya mifugo. Mutembei, daktari wa ng'ombe, alimwondoa kupe aliyekuwa chini ya hadubini, akatupisha. Nilikuwa nimekuja na kipande cha silikoni tunachochorea mitambo hiyo, kidogo kuliko ukucha, kimoja cha vile vilivyoharibika. Nilikishika kingo kwa ncha za vidole, nikakiweka.

Baba akainama. Alikuwa ameendesha lori barabara ya Moyale miaka thelathini, na hakuna kona asiyoijua. Alifumba jicho moja, akasogeza lingine karibu na lenzi.

"Subhanallah," alinong'ona mwishowe. "Hii ni barabara. Barabara mingi! Inapinda, inapitana, na hakuna moja inagusa ingine. Nani alipima hii?"

"Hiyo ni kazi yangu, Aabo."

Aliinua kichwa, akanitazama kama mgeni aliyeingia sasa hivi, kisha akarudi kwenye lenzi. Safari hii alifuata njia moja polepole, kidereva. Akasimama ghafla.

"Habsa, nani ameweka jiwe hapa? Barabara imekufa."

"Si jiwe. Ni punje moja ya vumbi. Labda ilidondoka kutoka kwa nyusi zangu, na kazi ya wiki nzima ikaharibika. Ndiyo maana chumba lazima kiwe kisafi."

Baba alitazama viganja vyake. Vumbi la Moyale lilikuwa limeingia mpaka kwenye mistari. Mutembei naye aliomba kuangalia, akaangalia, akasahau kabisa kupe wake.

Tulirudi nyumbani. Uani baba aliagiza maji na sabuni. Alinawa mpaka viwiko, mara mbili, akajifuta kwa taulo safi. Ndipo akafungua sanduku la spana. Pasipoti yangu aliishika kingo, kwa ncha za vidole, vile nilivyokishika kile kipande.

"Nenda ukafagie," alisema.

Nililia kabla sijaipokea.