Udhuru wa Jumamosi

Mimi nafundisha watu kupanda farasi, na sina ulimi mzuri. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani natafuta huruma. Jina langu Eliudi, mzaliwa wa Lushoto, na kazi nilijifunza Arusha chini ya mzee mmoja aliyeniita kiazi miaka mitatu mizima. Nilitoka pale mpandaji hodari, basi nikaamini kwamba matusi ndiyo yaliyonifunza. Yule farasi mpole aliyenivumilia sikumfikiria kabisa.

Shamba letu la farasi liko nyuma ya majumba ya zamani ya Raskazone. Kuliita shamba ni kujisifu tu. Ni uwanja wa mchanga wenye uzio wa miti, banda moja na farasi wawili, Sultani na Karafuu. Mwenyewe anaishi mbali, kwa hiyo tupo mimi na Sele, Mdigo wa makamo anayewalisha na kuwasafisha. Mwaka juzi nilikuwa na wanafunzi sita wa kila Jumamosi, watu wazima wenye kazi zao. Mwaka huu alibaki mmoja, Hasina, anayefundisha hisabati kwenye sekondari moja ya Usagara.

Wengine waliondokaje? Kwa udhuru. Mudathir wa duka la dawa alipata udhuru wa wageni, Bryson wa benki akapata wa semina, Khadija akapata wa mgongo. Ujumbe ulikuja mzuri, wenye salamu na dua, na baada ya wiki mbili tatu viatu vya kupandia nilivyowaazima vikarudishwa vimeoshwa. Nami nilijibu, "Pole, karibu tena," nikiamini kila neno. Kwetu milimani mtu akichukizwa nawe utamsikia tangu bondeni.

Hasina alikuwa mwoga, lakini king'ang'anizi. Alianguka mara nne, na mara zote nne alipanda tena, anajipangusa mchanga huku anacheka. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa naingojea Jumamosi kwa ajili ya kicheko kile. Ningemwambiaje? Tangu mke wangu afariki naishi peke yangu, na siku nyingine nasema na farasi zaidi ya ninavyosema na watu.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita alikuja na mama yake, Bi Mwatumu, aliyetaka kumwona mwanawe juu ya farasi. Mama aliketi kwenye benchi kando ya uzio, na kikapu cha vitumbua na chupa ya chai. Hasina akataka kumwonyesha. Akamwachia Karafuu achapuke, hatamu zikamlegea mikononi, Karafuu akakata kona na kusimama ghafla. Hasina akamkumbatia shingo asianguke.

Nikafoka. "Gunia la chumvi wewe! Farasi anakushinda akili! Hao watoto unaowafundisha hesabu, Mungu awasaidie!" Na bado sikunyamaza. "Shuka! Shuka, mama yako aone alichozaa!"

Hasina akashuka, akampapasa Karafuu shingoni, akamkabidhi Sele hatamu. Hakucheka. Bi Mwatumu akafungua kikapu. "Karibu chai, mwalimu," akaniambia kwa sauti ileile aliyonisalimia nayo, akanimiminia kikombe cha kwanza na kuniwekea vitumbua vitatu. Nilikula vyote, nikavisifu, nikarudi nyumbani nikijua mambo ni shwari.

Jumamosi iliyofuata ujumbe uliingia kwenye simu. "Shikamoo mwalimu. Samahani, leo nina udhuru." Jumamosi ya pili, udhuru. Ya tatu ujumbe haukuja, nikamtandika Karafuu tangu saa moja asubuhi, nikasimama naye getini mpaka jua likawa kali. Ndipo Sele alipokuja kunipokea hatamu.

"Mvue tandiko huyu mnyama, mwalimu. Hasina haji."

"Atakuwa na udhuru."

"Hana udhuru wowote. Watu wa huku pwani hawakugombezi, mwalimu. Mtu akichoka nawe anakupa udhuru, nawe inakupasa uelewe."

"Mbona mama yake alinipa chai?"

Sele alinitazama kwa huruma. "Chai ilikuwepo na wewe ulikuwepo. Angekunyima?"

Niliketi juu ya ndoo nikawapitia mmoja mmoja: wageni wa Mudathir, semina ya Bryson, mgongo wa Khadija. Nikakumbuka nilichomwambia kila mmoja wiki moja kabla ya udhuru wake. Niliona aibu iliyonipasha moto masikio, na nyuma ya aibu nikaona woga, maana huyu Hasina alikuwa wa mwisho.

Jumapili nilipotoka kanisani nilichukua bajaji mpaka Ngamiani, nyumbani kwa Bi Mwatumu, ambako Hasina naye anaishi. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, karibu sana."

Nililetewa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Nikaulizwa mvua za Lushoto, nikaulizwa magoti yangu yanayoniuma, nikaulizwa hali ya farasi wote wawili kwa majina yao. Hasina akaja akaketi karibu na mama yake. Nikaweka kikombe chini.

"Nimekuja kuomba radhi. Siku ile..."

"Siku gani, mwalimu?" Bi Mwatumu aliuliza kwa upole.

"Siku ya vitumbua. Nilimtukana Hasina mbele yako."

"Aa, yale!" Hasina alitabasamu. "Yalishapita, mwalimu. Hakuna neno. Kazi tu zimenibana."

"Basi Jumamosi utakuja?"

Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na mfuko. Ndani yake mlikuwa na viatu vya kupandia nilivyomwazima. Nilimpa vina matope, kimoja kimefungwa kwa uzi wa katani. Sasa vimepigwa kiwi na vyote vina kamba mpya. "Nilitaka nivilete mwenyewe," alisema, "nikawa napata udhuru."

Natamani angenitukana. Tusi ningeliweza, nimelizoea. Nilisema asante, na Bi Mwatumu akanifungia mkate uliobaki nikale nyumbani.

Jumatatu nilivipanga viatu vile bandani. Jozi sita, zote safi. Wiki hiyo nilijichunga, nikawa namwambia Sele tafadhali hadi akawa ananishangaa. Lakini Alhamisi alimwaga ndoo ya maji karibu na viatu, na kabla sijafikiri nikawa nimeshasema, "Mpumbavu wewe! Huna macho?" Sele alipangusa maji, akavisogeza viatu pakavu.

Ijumaa alasiri Sele alinawa mikono, akaja pale nilipokuwa namchana Sultani manyoya.

"Mwalimu, kesho nina udhuru kidogo."

"Udhuru gani, Sele?"

"Wa nyumbani tu."

Mkono wangu ulisimama. "Sele, ni mimi?"

"Ah, mwalimu! Wewe huna neno," alisema, akicheka kwa adabu. Kisha akaniuliza kama nimekula, akanikatia nusu ya muhogo wake.