Faili la Karatasi Moja

Mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, mafaili yalizaliwa kuliko watoto. Kila kijiji kipya kilitaka lake, na kabati la chuma la masjala pale Tabora mjini lilishajaa hadi mlango haufungi. Apolinaria, karani mpya, aliufunga kwa kamba ya katani. Majalada mapya yalikuwa hayaji. Ndugu Kornel, karani mkuu, akamwambia, "Punguza. Yasiyotakiwa toa, majalada yake yageuze ndani nje tuyatumie tena. Ukiwa na shaka niulize."

Apolinaria alikuwa na darasa la saba na miezi minne ya kazi. Kuuliza aliona haya. Kila alipouliza, Ndugu Kornel alivua miwani kwanza, akashusha pumzi, ndipo akajibu. Basi akajitungia sheria yake kimoyomoyo: faili nene lina maneno, faili la karatasi moja limekufa. Kwa siku tatu akachomoa yale membamba. Majalada akayageuza na kuyaandika majina ya vijiji kwa ule mwandiko wake uliompatia kazi. Karatasi zilizobaki akazifunga kitita, akampelekea shangazi yake Katarina, muuza karanga sokoni Isevya.

Mlango wa kabati ukafunga. Ndugu Kornel akaujaribu mara mbili, akasema, "Huyu binti ana kichwa."

Jumatatu iliyofuata akaingia Bibi Mwanahawa wa mtaa wa Cheyo, mshona kofia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata amana yangu." Akafungua pindo la khanga, akatoa kikaratasi chenye namba: 61. "Hati ya kiwanja. Mume wangu alipofariki niliileta hapa, maana nyumba yangu ina mchwa. Wamekula sanduku la harusi, wamekula na picha ya marehemu mpaka kifuani. Karani wa zamani akaniambia iache, huku hawafiki. Sasa wapimaji wamepiga vigingi uani kwangu, wanasema pana mwenyewe mwingine. Ijumaa kamati ya viwanja inakaa. Nisipokuwa na hati, nahama."

Kumbe ndivyo walivyofanya wengi mjini: mtu akiwa na karatasi moja ya thamani, anaiweka masjala kama anavyoweka kitu kwa ndugu. Apolinaria hakuambiwa, na hakuuliza.

Akafungua kabati. Jalada namba 61 lilikuwepo, limegeuzwa, limebeba orodha ya majembe ya kijiji kipya. Nyuma yake Ndugu Kornel akauliza, "Vipi?"

"Halionekani." Akamgeukia yule mama. "Labda mchwa, Bibi."

Bibi Mwanahawa alimtazama, akalitazama kabati, akaligonga kwa kidole. Likalia.

"Hili ni la chuma, mwanangu," akasema taratibu, akaondoka.

Mchana huo Apolinaria hakula. Alikimbilia Isevya.

"Karatasi zako nzuri, hazipasuki," shangazi Katarina alimsifu. "Niletee nyingine."

Kitita kilikuwa kimebaki robo. Akakipekua chote, hati haimo. Akainama kuokota zile zilizotupwa chini, moja moja, akizikunjua.

"Unatafuta nini, mtoto wa kaka? Kama ni barua ya mchumba ungesema, nisingemfungia mtu karanga."

Wauza nyanya wakacheka. Apolinaria akaendelea kuokota. Jumanne akarudi, Jumatano akarudi. Wakampa jina, Karani wa Jalala. Alhamisi, kwenye mfereji nyuma ya bucha, akapata nusu. Ilikuwa na mafuta na chumvi, lakini jina la marehemu lilisomeka, na nusu ya muhuri. Akaipeleka Cheyo. Bibi Mwanahawa aliipokea mlangoni. Njia nzima Apolinaria alikuwa akipanga kusema yote. Akasema tu, "Imeonekana hii," akageuka.

Ijumaa kamati ikakaa. Ndugu Kornel alikuwa amekaa mbele, Apolinaria amesimama mlangoni na daftari la masjala. Mwenyekiti akaishika ile nusu, akainusa.

"Mama, hii ni ya karanga."

Watu wakaangua kicheko. Bibi Mwanahawa hakuinua macho.

"Yeyote angeweza kuiokota njiani," mwenyekiti akasema. "Nani anajua imetoka wapi?"

Apolinaria aliona mikono ya yule mama, vidole vimejaa alama za sindano, vimetulia mapajani kama vya mtu asiyengoja tena.

"Imetoka masjala," akasema. "Niliitoa mimi. Faili lilikuwa namba sitini na moja, daftarini limo, jalada lake lipo, nimeligeuza. Sikuuliza. Na Bibi nilimdanganya, nikasingizia mchwa."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema vigingi ving'olewe, kiwanja ni cha mama. Ndugu Kornel akavua miwani, akashusha pumzi, akanyoosha mkono. Apolinaria akamwekea ufunguo wa kabati kiganjani.

Nje, Bibi Mwanahawa alikuwa akiifunga ile nusu katika pindo la khanga.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Mwanahawa akakaza fundo, akatembea hatua kadhaa, akasimama bila kugeuka.

"Marahaba," akasema. "Hii nitakaa nayo mwenyewe. Mchwa nimewazoea."