Aliyetoboa Sufuria

Siku hiyo nilichoka, wenzangu, nikachokana hata na miwani yangu. Sufuria yangu ya stenlesi, ile ambayo muuzaji aliapa haijui kutu, ilikuwa inavuja kwa vishimo kama vya sindano. Siku tatu niliiinamia na tochi nikichunguza kishimo huanzaje, ili nimthibitishie mkamwana wangu, Mwanatumu, kwamba ndiye aliyeitoboa kwa kuisugua na waya. Mwenyewe alikwisha funga begi arudi kwao. Baada ya adhuhuri nikaegemeza kidevu kwenye ukingo wa sufuria, usingizi ukanibeba.

Nikajiona katika nchi ya Mng'aro, ardhi yake kama kioo, na juu yake imetandazwa ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu. Bibi mmoja asiye na uzito, jina lake Hewa, alikuwa akikimbilia kila mkwaruzo na kuushona. Nikamwambia, "Nionyeshe kishimo kinapoanza." Tukakimbia huku, kimekwisha anza, tukakimbia kule, kimeanza zamani. Nikatukana kidogo, ndotoni hakuna mashahidi.

"We mwanamke," akasema taratibu, "unatafuta shimo. Tafuta uchafu." Akanionyesha chembe ya taka iliyozaliwa pamoja na chuma chenyewe, ndogo kuliko yai la chawa. Hapo akaja Chumvi, mnene, mpole, akaikalia bila hodi, ngozi ikachanika. Hewa akainua sindano, lakini mwanamke mmoja aitwaye Fahari akawahi na kifuniko: "Hapa hapana kitu! Piteni!" Chini ya kifuniko, Chumvi akaanza kula.

"Siwezi kushona nisipofikia," Hewa akaniambia. "Mkwaruzo wa waya nauponya. Kinachotoboa ni kile kinachofunikwa."

Kwa hasira nikakibandua kifuniko. Humo zimelala ndimu zangu za achari, zinaelea katika maji ya chumvi. Nikamgeukia Fahari nimzomee. Amevaa kanga yangu!

Nikaamka na alama ya ukingo kidevuni. Mwanatumu yuko mlangoni, begi kichwani.

"Mwanangu, tua. Sufuria nimeitoboa mimi. Ulipokwenda msibani nililaza achari humo siku tisa, nikafunika."

"Najua, mama. Nilikuta kokwa za ndimu."

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Nilitaka kuona tochi itaishiwa betri lini."

Akatua begi. Achari sasa iko kwenye chupa, na katika sufuria tumepanda mchicha. Mwanatumu humwagilia, mimi husifu: maji hayatuami hata kidogo.