Nyota Nane za Smaranda

"Dada, hii ni orodha ya vitabu au mbingu iliyotakata?"

Daktari Horațiu, mkufunzi wao, aliinua karatasi juu ili wote waione, nao wakacheka, maana mtu aliyetoka mji mkuu, Bukaresti, na kulipiwa hoteli akitania, kucheka ni sehemu ya adabu.

Smaranda hakucheka wala hakununa. Alikuwa mkutubi msaidizi wa miezi minane katika maktaba ile ya chuo kikuu, na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Kwa siku mbili wakutubi wachanga tisa walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta wakijifunza akili mnemba: namna ya kuiuliza mashine, namna ya kuyapima majibu yake. Mmoja wao angechaguliwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi hiyo, na huyo angepata ajira ya kudumu. Waliobaki wangepata cheti chenye muhuri mzuri, ambao hauliwi.

Zoezi la mwisho lilikuwa jepesi kulisikia. Dakika ishirini, iombe mashine vitabu juu ya ufugaji nyuki wa mkoa huu, kisha uvihakiki. Tiberiu, kijana wa kuvaa skafu hata ndani ya chumba chenye joto la kuchemsha yai, alileta vitabu thelathini. Smaranda alileta kumi na moja, na vinane kati ya hivyo vilikuwa na nyota pembeni, zimechorwa kwa penseli.

"Nyota ni kitabu ambacho sijakishika mkononi," alisema. "Watengeneza orodha wa zamani humu ndani ndivyo walivyofanya. Ulichokiona unakiandika kikavu, bila alama. Ulichosimuliwa unakitia nyota."

"Lakini katalogi ya maktaba yako mwenyewe inasema vipo!"

"Inasema, Daktari. Mimi ndiye sijaona."

"Mashine imesema, katalogi imesema," Tiberiu akadakia. "Unataka na padri aje aape?"

"Padri mwenyewe ndiye ninayemtafuta." Smaranda akaweka kidole kwenye namba sita. Padri Nichifor Gavril, *Nyuki wa Bonde Letu*, 1911. Mashine ilikuwa imeisifu sana sura ya nne, kwamba inaeleza jinsi ya kuhamisha mizinga mto unapofurika. "Kwetu tuna mizinga kumi na miwili, na mto uko pale unapotupia maji ya vyombo. Sura hiyo naitaka kwelikweli."

Nyuma ya chumba mkurugenzi, Bi Eufrosina, alikuwa akitia saini maombi ya likizo, au akijifanya. Akafunga faili.

"Namba ya rafu si ipo? Twendeni basi. Miguu haijafutwa kazi."

Wakashuka ngazi hadi kwenye ghala la vitabu, kumi na mmoja kwa mstari, kama watu wanaokwenda kumtazama maiti wasiyemjua. Kule chini kulinukia karatasi na mabomba ya joto. Tiberiu alitangulia, akisoma namba kwa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kushinda. Kwenye rafu ya saba akanyamaza.

Pale palipotakiwa kuwepo padri palisimama kibao cha mbao, chembamba, kimeandikwa kwa wino uliopauka: *Kimepelekwa kutiwa jalada. Novemba 1984.*

"Miaka arobaini," Bi Eufrosina alisema. "Lazima ni jalada la dhahabu."

"Kimepotea, sawa," Tiberiu alisema, "lakini kilikuwepo. Kwa hiyo niko sahihi."

"Kilikuwepo," Smaranda akakubali. "Ndiyo maana sikukifuta. Nimekitia nyota tu." Akakichomoa kibao, akapuliza vumbi, akakibeba kwapani. Hakupenda kuondoka mikono mitupu.

Walipopanda juu walipita mbele ya chumba cha makoti, ambako shangazi Aglaia alikuwa akipangusa kaunta yake. Shule aliachia darasa la nne. Makoti ya maprofesa ameyapokea tangu Bi Eufrosina mwenyewe akiwa mwanafunzi mwenye soksi zilizotoboka, jambo ambalo huwa halisemi ila akichokozwa.

"Mbona nyuso ndefu hivyo? Nani kafa?"

"Padri Nichifor, shangazi," Smaranda alisema. "Amepotea tangu mwaka themanini na nne."

"Nani kapotea? Nichifor wa nyuki?" Aglaia akaweka kitambaa chini. "Nichifor yuko hapa, mwanangu. Kanyanyua mguu wa kaunta."

Wakainama wote, daktari wa Bukaresti kwanza. Chini ya mguu mfupi wa kaunta kilikaa kitabu chenye jalada jipya la kijani, ambalo halikuwa na kosa lolote isipokuwa alama ya mviringo pale mguu ulipokalia.

"Kililetwa hapa na mtu wa majalada," Aglaia alieleza, bila haya hata chembe. "Akasema watakuja kukichukua kesho. Mimi nimengoja kesho. Majira ya baridi wanafunzi wakiwa wachache nakitoa nakisoma, nikimaliza nakirudisha kazini. Frosina, usinitazame hivyo, na wewe kuna mwavuli wako hapa tangu mtihani wa mwisho."

Daktari Horațiu alikwisha kukichomoa, akikifunua kwa vidole viwili. "Haya! Tazameni yaliyomo. Sura ya nne: *Kuhamisha Mizinga Wakati wa Mafuriko*. Mashine haikudanganya."

Tiberiu akaweka skafu yake sawa.

"Hapo umesoma menyu tu, baba," Aglaia alisema. "Chakula hakijaja."

Smaranda akanyoosha mkono, naye daktari akampa. Alikifungua kama wafunguavyo watu wa kazi hiyo, kidole gumba pembeni, bila kuuvunja mgongo wa kitabu. Sura ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, yenye michoro ya malkia wa nyuki. Kisha ukurasa mmoja wenye mistari michache, akausoma kwa sauti:

"*Mchapishaji anasikitika. Padri Nichifor alikwenda kuokoa mizinga yake mto ulipofurika mwezi wa Mei, hakurudi. Sura ya nne haikuandikwa.*"

Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe mpaka jalada.

Yule aliyeandika kadi ya kitabu hiki kwenye katalogi zamani zile alinakili yaliyomo asifike mwisho, mashine ikaiamini kadi, na watu tisa nusura waiamini mashine.

"Bila mashine nisingemjua kabisa," Smaranda alisema polepole. "Hilo niliandike pia."

Bi Eufrosina alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Oktoba," alisema, "wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataanzia chini ghalani, kompyuta baadaye. Smaranda, utakuwa nao wewe. Njoo kesho tuandike barua ya ajira. Na kesho yangu mimi siyo ile ya mtu wa majalada."

"Nami naomba penseli," alisema Daktari Horațiu, akitoa orodha yake mwenyewe ya kufundishia. Akaanza kuipitia kutoka juu, na kila mara alisita kidogo, kisha akachora nyota.

Smaranda akatoa karatasi yake, akaiweka juu ya kaunta, na kwa raba akaifuta nyota ya namba sita. Kaunta ikayumba, ikamtikisa mkono.

"Umeninyang'anya padri wangu," Aglaia alinung'unika, "na mimi nisimame na nini?"

Smaranda akamkabidhi kibao. Aglaia akakigeuzageuza, akasoma maandishi, akaguna. Kisha akapiga goti kwa tabu, akakisukuma chini ya mguu mfupi, akainuka, na kuweka juu ya kaunta bilauri yake ya chai ya maua. Chai ikatikisika ukingoni. Wote wakaitazama.

Ikatulia.