Mara ya Tatu

"Kahawa?" nilimwuliza mdogo wangu Marlys.

"Hapana, usijisumbue."

"Ipo tayari."

"Aa, niko sawa tu, dada."

"Marlys, inapoa!"

"Haya basi. Kidogo tu."

Akanywa vikombe viwili. Ndivyo tulivyolelewa huku kaskazini mwa Minnesota: mara mbili za kwanza ni adabu, jibu lenyewe ni la tatu. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mroho, ingawa hatutamwambia.

Tulikuwa tunapamba ukumbi ulio chini ya kanisa. Kesho yake Leif, mwana wa pekee wa Marlys, alikuwa anamwoa Kendra. Jioni hiyo ya kuamkia harusi, wakishamaliza mazoezi ya kuingia kanisani, maharusi na jamaa wangeshuka kula. Harusi yenyewe huwa ya upande wa bibi harusi, kuanzia maua mpaka keki. Mama wa bwana harusi ana jioni hii moja tu, na Marlys, mjane, alikuwa akiiwaza tangu Leif anavaa nepi.

Vitambaa vya meza alishona mwenyewe, vya buluu. Alikata maua yote ya lilaki ya uani mpaka kichaka kikabaki kipara, akayatia kwenye chupa za jamu. Ukutani alitundika kamba na kubana picha kwa vibanio vya nguo: Leif bila meno, Leif na samaki, Leif mabegani mwa marehemu baba yake. Nilimwambia ile ya Leif uchi kwenye beseni aitoe, asimwaibishe mtoto wa watu. Akakataa, na safari hiyo alikuwa anamaanisha. Masinia ya viazi na nyama ya kusaga yalikuwa tayari kwenye oveni.

Leif akashuka ngazi. Siku hizi anaishi Dallas, na huko amejifunza kuongea kwa sauti na kushika watu mabega. Alitazama meza, akatazama picha, uso ukambadilika.

"Mama, vyote hivi vya nini?"

"Vya nini tena? Vya leo."

"Lakini leo tunakula hotelini, kule ziwani. Mama yake Kendra ameandaa. Watu wote wametumiwa ujumbe."

Simu ya Marlys hukaa kwenye droo. Yangu imefungwa ukutani, haipokei ujumbe wa mtu.

"Si alikupigia?" Leif akasema. "Akakuuliza kama utapenda kuandaa wewe?"

"Aliniuliza. Nikasema, aa, nyinyi mtafanya vizuri zaidi."

"Ndiyo hiyo sasa, Mama!"

"Lakini hakuniuliza tena," alisema Marlys. "Nikajua ameelewa kuwa naandaa mimi."

Leif alijikuna kichwa. Si mtoto mbaya, nasema ukweli.

"Basi nimpigie? Nimwambie tunakula hapa?"

"Hapana, usiwasumbue watu."

"Una hakika? Nampigia sasa hivi."

"Aa, mimi niko sawa tu."

Nikaweka mshumaa chini. Uliza tena, mwanangu, niliomba kimoyomoyo. Umezaliwa hapa, umekunywa kahawa yetu, unajua. Nilitaka kumfokea, lakini ningemvua Marlys nguo mbele ya mwanawe. Naye alikuwa amemgeukia Leif, kibanio mkononi, midomo imeshaanza kutabasamu kwa ajili ya lile "haya basi".

Leif akambusu kwenye paji la uso.

"Asante, Mama. Nilijua utaelewa. Saa kumi na mbili, eh? Mamkubwa, na wewe usichelewe!"

Akapanda ngazi mbili mbili, kama alivyokuwa akipanda utotoni.

Marlys alizima oveni. Akaanza kutoa picha kwenye kamba, moja moja, akiziweka kifudifudi.

"Kahawa?" nikamwuliza.

"Hapana, dada."

"Imebaki kidogo."

"Hapana."

Nikamwuliza mara ya tatu. Akasema hapana.